Gia, Kona na Udongo: Udereva wa East African Safari kama Chanzo cha Historia, Ukitazamwa kutoka Mwakitolyo

Utangulizi

Mwaka 1998 kampuni ya Papyrus ya Marekani ilitengeneza Grand Prix Legends, programu ya kompyuta inayoigiza mbio za Formula 1 za mwaka 1967. Mchezaji hukabidhiwa gari lenye nguvu nyingi na tairi zenye mshiko mdogo, naye hulazimika kuchagua gia ifaayo kwa kila kona. Mwaka huohuo wa 1967, Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alishinda East African Safari kwa mara ya pili mfululizo akiendesha Peugeot 404. Insha hii inauliza: ikiwa uigaji wa kompyuta umekuwa njia ya kuhifadhi udereva wa zamani, ni udereva wa nani unaohifadhiwa? Hoja yangu ni kwamba uchaguzi wa gia ni maarifa yaliyofinyangwa na ardhi. Ardhi ikiondolewa, historia ya maarifa hayo hupotea pia.

Ardhi

Mwakitolyo, mkoani Shinyanga, inatumika hapa kama mfano wa ardhi, si kama kituo cha mashindano. Wakulima wa Usukuma huutambua udongo kwa majina yake: luseni ni wa kichanga, wa miinuko yenye mawe ya itale; mbuga ni mfinyanzi mweusi wa mabondeni. Kiangazi mbuga hupasuka. Masika huvimba, huteleza na kuganda kwenye tairi. Gari linaloteremka kutoka mwinukoni huingia katika udongo mwingine, na dereva hulazimika kubadili mbinu kabla hajafika.

Gia na kona

Katika uwanja wa lami, kona ileile hurudiwa mara nyingi. Kosa la mzunguko wa kwanza husahihishwa katika wa pili. East African Safari, iliyoanza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ilikimbiwa kwa maelfu ya kilomita katika barabara ambazo hazikufungwa kwa watumiaji wengine. Nyuma ya kona palikuwa na uwezekano wa kukuta lori, ng'ombe au dimbwi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ilikuwa kushusha gia magurudumu yakiwa bado yamenyooka, ili injini isaidie breki. Kuachia mafuta ghafla katikati ya kona huhamishia uzito mbele. Magurudumu ya nyuma hupungukiwa mshiko na mkia wa gari huchomoka. Katika tope kanuni hugeuka. Gia ya kwanza huzidisha nguvu kwenye magurudumu hadi yakazunguka bure, ilhali gia ya juu kidogo hupunguza mzunguko huo. Kubadili gia katikati ya tope ni hatari zaidi, kwani klachi ikikanyagwa mwendo hufa na gari hukwama.

Kila gari lilidai hekima yake. Volkswagen, iliyoshinda mwaka 1953, ilibeba injini juu ya magurudumu ya nyuma, jambo lililolisaidia katika utelezi. Saab ya Erik Carlsson, iliyoshika nafasi ya pili mwaka 1964, ilisukumwa na magurudumu ya mbele. Carlsson alijulikana kwa kukanyaga breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ukibaki kwenye mafuta. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyomaliza. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, katika Peugeot 404.

Hitimisho

Orodha za matokeo hutuachia jina la dereva, gari na nafasi. Hazituachii kazi ya mguu wala mkono. Shekhar Mehta, mshindi mara tano, alifariki mwaka 2006. Joginder Singh, mshindi mara tatu, alifariki mwaka 2013. Kila kifo cha namna hii hufunga nyaraka ambazo hazikuwahi kuandikwa. Uigaji wa kompyuta unaweza kuhifadhi uwiano wa gia na umbo la kona, lakini mbuga haimo ndani yake. Mtafiti anayetaka kuielewa historia hii aanze na masimulizi ya madereva, makanika na mautingo waliobaki. Aende pia kwa madereva wa malori yanayobeba mawe ya dhahabu leo, ambao bado huamua gia kwa kuutazama udongo ulio mbele yao.