Gari ya mbio inayoundwa nyumbani: inajengwa namna gani, na juu ya nini lazima ikaguliwe

Vijana wengi wanaopenda mekaniki wameona ku telefone video za mtu wa Ulaya anayefungua visanduku vya piesi ndani ya garaji ya nyumba yake. Mwisho wa video anatoka na gari ndogo ya mbio, haina dari wala milango. Swali linalorudi kila mara ni hili: je, ni kweli ao ni mchezo wa video tu? Ni kweli. Uingereza kazi hiyo iko na miaka zaidi ya 60, iko na sheria zake, na tena iko na hatari zake. Tuieleze polepole.

Ilianzia wapi?

Mwaka 1948 Colin Chapman, kijana aliyesomea uinjinia London, alichukua gari nzee ya Austin Seven, akaivua bodi yake na kuitengenezea bodi nyingine nyepesi. Hakuwa na kiwanda, aliifanya ndani ya garaji ya nyumbani. Ile ndiyo inahesabiwa kuwa gari ya kwanza ya Lotus.

Mwaka 1957 kampuni yake ilitoa Lotus Seven: shasi ya tube ndogo za chuma, karatasi za aluminiamu juu yake, viti 2, na uzito wa karibu kilo 500 tu. Wanunuzi wengi waliipokea ikiwa piesi ndani ya visanduku, na sababu ilikuwa kodi. Gari iliyokamilika ilitozwa kodi kubwa ya ununuzi, lakini aliyenunua piesi na kuziunganisha mwenyewe aliepuka kodi ile. Watu wanasimulia kwamba ilikatazwa kuweka ndani ya kisanduku karatasi ya kuonyesha namna ya kuunganisha. Basi Lotus wakaweka karatasi ya kuonyesha namna ya kuifungua gari, na mnunuzi akaisoma kuanzia mwisho kurudi mwanzo!

Mwaka 1973 kodi ile iliondolewa, TVA ikaingia, na faida ile ikaisha. Mwaka uleule kampuni ya Caterham ilichukua haki ya kutengeneza Seven, na mpaka leo inaiuza, iliyokamilika ao ndani ya visanduku.

Kwa wale wasiokuwa na feza za kununua visanduku, mwaka 1996 mwalimu mmoja, Ron Champion, alitoa kitabu kinachoonyesha namna ya kujenga gari ya aina ile kwa pauni 250. Shasi mtu anaikata na kuichomelea mwenyewe. Motere, bwati ya vitesi, ponti ya nyuma na volani vinatoka ku gari moja nzee ya Ford Escort. Magari ya namna hiyo yanaitwa Locost.

Juu ya nini wepesi?

Tupige hesabu. Land Cruiser ya dizeli tunayoiona kila siku ku barabara zetu inapita kidogo tani 2, na motere yake iko na nguvu za farasi karibu 130. Kila farasi inavuta karibu kilo 16. Caterham Seven 170 iko na motere ndogo ya Suzuki ya sentimeta kibi 660, farasi 84, lakini gari nzima ni kilo 440. Kila farasi inavuta kilo 5 na kidogo. Ndiyo sababu motere ile ndogo inairusha gari sawa mshale.

Faida haiishi hapo. Gari nyepesi inasimama mbio zaidi, fereni hazipati moto sana, mipira inakaa siku nyingi, na mafuta yanatumika kidogo. Lakini upande mwingine tuseme wazi: ikigongana na kamiyo, hakuna chuma kingi cha kukulinda. Kwa hiyo kila piesi inayobaki lazima ifanye kazi yake vizuri, maana hakuna nyingine nyuma yake ya kusaidia.

Kazi inaendaje?

Anayenunua visanduku anapata shasi tayari. Kwake kazi ni ya funguo, na anaweza kumaliza kwa saa 80 mpaka 100. Anayejenga Locost anaanzia ku chuma chenyewe, na wengi wanachukua mwaka ao zaidi, wakifanya jioni na siku za mapumziko.

Shasi inajengwa juu ya meza iliyonyooka kabisa. Tube za mraba za milimeta 25 zinakatwa, zinapangwa, kisha zinashikizwa kwanza na tone ndogo ndogo za sudire. Hapo fundi anasimama na kupima kutoka pembe moja mpaka pembe inayoikabili, kisha zile pembe mbili nyingine. Vipimo vikilingana, shasi iko sawa. Visipolingana, tone zinakatwa na kazi inaanza upya. Ni baada ya kupima tu ndipo anachomelea kabisa, huku akibadilisha upande kila mara, kwa sababu moto ukikaa upande mmoja unapinda chuma. Na kabla ya kugusa shasi anafanya majaribio ku vipande viwili vya chuma, kisha anavivunja kwa nyundo. Sudire ikiachia mbele ya chuma kupinda, mkono haujakomaa.

Nyuma ya shasi zinakuja fereni, volani, motere, mafuta na waya za umeme. Makosa yanayoumiza watu mara nyingi ni madogo:

- Bulo inakazwa kwa funguo yenye kupima nguvu, kisha inapigwa alama ya rangi. Bulo isiyo na alama haijakazwa, hata kama fundi anakumbuka kwamba aliikaza.
- Hewa ndani ya mirija ya fereni lazima itolewe yote. Kwa kawaida wanaanza ku gurudumu lililo mbali na pompe, mpaka pedali inakuwa ngumu mguuni.
- Waya inayopita ndani ya tundu la chuma inawekewa mpira. Bila mpira, kutikisika kwa gari kunakata ganda la waya, na moto unaanzia pale.
- Siku ya kwanza ya motere, wanaizungusha bila kuiwasha, mpaka mafuta yafike juu.

Sheria inasema nini?

Hapa ndipo video nyingi zinaruka. Uingereza huwezi kumaliza gari leo na kesho ukaiingiza barabarani. Lazima upite ukaguzi wa gari moja moja. Ulianza mwaka 1998, na tangu 2009 unaitwa IVA. Mkaguzi wa serikali anaangalia fereni, volani, mikanda, taa, moshi na kelele. Anaangalia hata ncha kali za nje zinazoweza kumkata mtu wa miguu. Mwenye gari anatakiwa pia kuonyesha kwamba aliijenga yeye mwenyewe, kwa mfano kwa picha za kazi.

Wengi wanakataliwa mara ya kwanza, wanarudi garaji, wanarekebisha, wanalipa tena. Hakuna anayeona haya. Gari yenye piesi zisizojulikana umri inapewa plake inayoanza na herufi Q, ili mnunuzi wa kesho ajue ni gari ya namna gani.

Na huku kwetu?

Tuseme ukweli: Seven inakaa chini sana, sentimeta chache tu juu ya udongo. Ku barabara nyingi za mashariki ya nchi haiwezi kumaliza kilometa moja. Lakini kujenga chombo kwa mikono si kitu kigeni kwetu. Mtengenezaji wa chukudu wa Goma anachonga mti, anaweka magurudumu, na chombo chake kinabeba mizigo mizito. Mafundi wetu wanarefusha shasi, wanabadilisha motere, wanafufua gari ambayo wengine wangeitupa.

Kwa hiyo uhodari tuko nao. Kinachokosekana mara nyingi ni jicho la pili. Fundi aliyechomelea ndiye anayesema sudire iko muzuri, na dereva anaondoka na abiria siku ileile.

Hapo tunaweza kuchukua kitu bila kusubiri visanduku vya Ulaya. Kila kazi ya fereni, volani ao shasi, fundi mwingine aipitie mbele gari itoke: aangalie alama za rangi, akanyage pedali, apime pembe. Haiombi feza nyingi, inaomba nusu saa na moyo wa kukubali kusahihishwa. Na wewe mwenye gari, siku ya kuichukua ku garaji, uliza hivi: «Nani mwingine ameangalia?» Wakijibu hakuna, ngoja kwanza.