Asilimia tatu iliyozaliwa vitani

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania, ya mwaka 2010, inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Tarakimu hizo si ngeni. Uingereza ilizitumia hizohizo chini ya sheria ambayo Bunge lake liliipitisha mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili ikiwa bado inapiganwa.

Viwanda vya Uingereza vilikuwa na uhaba wa watu, huku majeruhi wakirudi kutoka medani. Kamati ya George Tomlinson, mbunge aliyeanza kazi kiwandani akiwa na miaka 12, ilitoa ripoti mwaka 1943 ikitaka majeruhi wapewe mafunzo na kutafutiwa kazi, raia kwa askari. Ndiyo ikazaa sheria ya mwaka uliofuata.

Mwenye ulemavu alijiandikisha kwa hiari, akapewa kadi ya kijani. Mwajiri ambaye hajatimiza kiwango hakuruhusiwa kumwajiri mtu asiye na kadi bila kibali, wala kumfukuza mwenye kadi bila sababu ya msingi. Mwaka 1946 kazi mbili zilitengwa kwa ajili yao peke yao: kuendesha lifti na kulinda maegesho ya magari. Mwaka huohuo shirika la serikali la Remploy lilifungua kiwanda chake cha kwanza mjini Bridgend, Wales, ambako wachimba makaa ya mawe walioumia migodini walipata ajira.

Udhaifu ulikuwa kwenye vibali. Kuwa chini ya asilimia 3 peke yake halikuwa kosa, na vibali vya msamaha vilitolewa kwa mafungu. Katika nusu karne, waajiri walioshtakiwa hawakufika hata dazeni. Watu wakaona kadi haiwasaidii, wakaacha kujiandikisha. Na lifti na maegesho ziliwaambia wengi kwamba ngazi yao imeishia hapo.

Sheria ya mwaka 1995 ilifuta kiwango hicho na kumgeuzia mwajiri swali. Sasa alipaswa kurekebisha mazingira ya kazi kwa kadiri inayowezekana: mteremko penye ngazi, saa za kazi, vifaa. Viwanda vya mwisho vya Remploy vilifungwa mwaka 2013.

Tanzania ilianza na asilimia 2. Sheria ya mwaka 1982, iliyokuja mwaka mmoja baada ya Umoja wa Mataifa kuadhimisha Mwaka wa Kimataifa wa Watu wenye Ulemavu, iliwahusu waajiri wenye watu 50 au zaidi. Ile ya mwaka 2010 ilipandisha kiwango, ikashusha idadi ya wafanyakazi, na ikaongeza wajibu wa kurekebisha mazingira ya kazi. Yaani iliunganisha hatua mbili ambazo Uingereza ilizipitia moja baada ya nyingine.

Lakini Watanzania wengi hawako kwenye ajira yenye watu 20. Wako shambani, sokoni, kwenye karakana ya watu wawili. Ndiyo maana mikopo ya halmashauri, ambayo tangu 2018 sheria inaitengea asilimia 10 ya mapato ya ndani, ina uzito wake: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa fundi cherehani asiyeweza kutembea, asilimia hiyo ya 2 inaweza kumfikia kabla ya ile ya 3.