Katharine Hepburn: Nahodha wa Chombo Chake

Katika filamu ya The African Queen, iliyotoka mwaka 1951, kuna mahali ambapo mwanamke mwenye gauni refu ameketi nyuma ya boti kuukuu, mkono wake ukiwa juu ya usukani. Boti ndiyo kwanza imetoka kwenye maporomoko ya mto. Mwenye boti, Charlie, mlevi asiyenyoa ndevu, anamtazama akitarajia machozi na ombi la kurudi walikotoka. Rose Sayer halii. Uso unamng'aa, pumzi zinamwenda mbio, na anakiri kwamba hakuwahi kudhani mwili wa binadamu unaweza kupata raha ya namna ile. Charlie anaduwaa. Nasi tunaelewa, bila kuambiwa, kwamba chombo kimepata nahodha mwingine.

Aliyemwigiza Rose ni Katharine Hepburn, akiwa na umri wa miaka 44. Katika Hollywood ya wakati huo, mwanamke wa umri huo alikuwa anasogezwa pembeni polepole na kuachiwa nafasi za mama wa shujaa. Yeye alikuwa bado na zaidi ya miaka 40 ya kazi mbele yake. Alipofariki tarehe 29 Juni 2003, akiwa na miaka 96, aliacha tuzo nne za Oscar za mwigizaji bora wa kike, idadi ambayo hakuna mwigizaji mwingine, mwanamume wala mwanamke, aliyeifikia. Mwaka 1999 Taasisi ya Filamu ya Marekani ilimweka wa kwanza katika orodha yake ya nyota wa kike wa sinema ya zamani ya nchi hiyo.

Tuzo hupata vumbi, na orodha hubadilika. Kinachotufanya tuendelee kumtazama ni ule mkono juu ya usukani. Katika zama ambazo mwigizaji alikuwa mali ya studio, Hepburn alikataa kuwa abiria ndani ya kazi yake mwenyewe. Watazamaji, hata wale wasiojua lolote kuhusu mikataba, waliuona ukaidi huo usoni pake na wakauamini.

Nyumba ya mijadala

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1907 mjini Hartford, jimbo la Connecticut. Baba yake, Thomas Hepburn, alikuwa daktari bingwa wa njia ya mkojo aliyethubutu kuzungumza hadharani kuhusu magonjwa ya zinaa wakati watu wa heshima waliyanong'ona. Mama yake, Katharine Houghton, aliongoza harakati za wanawake wa jimbo hilo kudai haki ya kupiga kura, kisha akashirikiana na Margaret Sanger kupigania uzazi wa mpango. Binti yao alikulia kwenye mikutano hiyo, akigawa maputo ya kampeni. Kwa muda fulani utotoni alinyoa nywele na kutaka aitwe Jimmy, kwa sababu aliona wavulana ndio wanaoachiwa kufanya mambo ya kusisimua.

Mwaka 1921, alipokuwa hajatimiza miaka 14, alimkuta kaka yake Tom amefariki katika nyumba ya rafiki wa familia mjini New York walikokuwa wamekwenda kutembea. Tom alikuwa amejinyonga. Katika nyumba ambamo kila jambo lilijadiliwa mezani, hili moja halikujadiliwa. Katharine alilibeba kwa njia yake: kwa miongo mingi alipoulizwa tarehe ya kuzaliwa, alitaja 8 Novemba, siku ya kuzaliwa ya Tom. Aliirejesha tarehe yake ya kweli katika kitabu cha maisha yake, Me, kilichotoka mwaka 1991.

Alihitimu Chuo cha Bryn Mawr mwaka 1928 na kuingia moja kwa moja kwenye tamthilia. Alifukuzwa katika baadhi ya michezo, akarudi katika mingine. Mwaka 1932, katika mchezo wa The Warrior's Husband, aliteremka ngazi za jukwaa mbio akiwa na kulungu begani, amevaa kama mpiganaji wa kike wa Ugiriki ya kale. Waliomwona hawakumsahau, na hazikupita siku nyingi studio ya RKO ikamwita California. Mwaka huohuo filamu yake ya kwanza, A Bill of Divorcement, iliongozwa na George Cukor, ambaye angekuwa rafiki na mwongozaji wake kwa karibu nusu karne.

Sumu ya tiketi

Ili kuelewa alichokifanya baadaye, ni lazima tujue studio zilivyofanya kazi. Mwigizaji alifungwa kwa mkataba wa miaka mingi. Studio ilimchagulia filamu, mtindo wa nywele, mara nyingi hata jina, na ilimtangaza kama mfanyabiashara anavyotangaza sabuni. Hepburn aliingia humo na suruali zake. Inasimuliwa kwamba studio ilipozificha ili imlazimishe kuvaa sketi, alitembea uwanjani na nguo za ndani hadi aliporudishiwa. Hakupenda kutia saini vitabu vya mashabiki, wala hakujipendekeza kwa waandishi wa habari.

Mwanzoni alisamehewa. Filamu yake ya tatu, Morning Glory ya mwaka 1933, ilimpa Oscar ya kwanza, na Little Women ya mwaka huohuo ilijaza kumbi. Kisha mambo yakamwendea kombo. Filamu zilifuatana zikianguka, na hata Bringing Up Baby ya mwaka 1938, ambayo leo wengi huihesabu miongoni mwa vichekesho bora kabisa vya Marekani, haikumwokoa. Mwaka huo chama cha wamiliki wa kumbi za sinema kilichapisha tangazo lenye majina ya nyota waliodaiwa kuwa sumu kwa mauzo ya tiketi. Walikuwemo Greta Garbo, Joan Crawford, Marlene Dietrich, na Hepburn.

Wengi wangepiga magoti. Yeye alilipa fedha zake mwenyewe kujinunua kutoka katika mkataba wa RKO, na baada ya filamu moja zaidi akarudi nyumbani kwao pwani, Fenwick. Septemba mwaka huo kimbunga kikubwa kiliipiga pwani hiyo na kuibomoa nyumba ya familia. Waliijenga upya mahali palepale.

Wakati huo mwandishi wa tamthilia Philip Barry alikuwa anamwandikia mchezo, The Philadelphia Story, kuhusu Tracy Lord, mwanamke tajiri, mwenye majivuno na ulimi mkali. Hepburn alikubali kuchukua sehemu ya faida badala ya mshahara wa kawaida, na kwa msaada wa tajiri Howard Hughes akapata haki za kuutengeneza kuwa filamu. Mchezo ulipotia fora Broadway mwaka 1939, studio zilizomkimbia zikarudi zikibisha hodi. Zikakuta haki ziko mkononi mwa mtu yuleyule aliyeitwa sumu. Aliiuzia MGM kwa masharti: yeye ndiye atakayeigiza, na atakuwa na kauli katika kuchagua mwongozaji na waigizaji wenzake. Akamchagua Cukor.

Tazama sekunde za mwanzo za filamu hiyo ya mwaka 1940. Tracy anamtoa mumewe nyumbani, anaichukua fimbo yake ya gofu na kuivunja gotini. Mume, Cary Grant, anamgeukia, anamshika uso kwa kiganja na kumsukuma chini. Watu walicheka sana. Hepburn alijua kwamba umma ulitaka kumwona mwanamke mwenye kiburi akianguka, akawauzia anguko hilo, ila kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Alishinda, lakini ushindi wake ulikuwa na gharama. Miaka miwili baadaye, katika Woman of the Year, aliigiza mwandishi wa habari mahiri anayejua lugha nyingi, na filamu inaisha akiwa jikoni asubuhi, kahawa inafurika, unga wa chapati za maji unamwagika, mume anamtazama anavyohangaika. Mwisho huo uliongezwa baadaye, na Hepburn hakuupenda. Siwezi kuutazama bila kukereka. Unaonyesha mpaka wa uhuru ambao hata yeye hakuweza kuuvuka wakati ule.

Mto Ruiki na Ziwa Albert

Kwa msomaji wa Kiswahili, The African Queen ina uzito wa pekee. Riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935 imewekwa katika Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914, na meli ya kivita ambayo Rose na Charlie wanakwenda kuizamisha ilichochewa na meli ya kweli: Graf von Götzen. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikapanda reli hadi Kigoma na kuunganishwa tena. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mlango wa Mto Malagarasi isije ikatekwa. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na tangu 1927 watu wa Ziwa Tanganyika wanaijua kwa jina la Liemba.

Mwongozaji John Huston alikataa kupiga picha zote studioni. Mwaka 1951 aliwapeleka Hepburn, Humphrey Bogart aliyemwigiza Charlie, na wenzao Mto Ruiki, Kongo ya Wabelgiji, kisha Uganda, kwenye Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison. Wengi waliugua, na Hepburn, aliyekuwa akinywa maji huku Huston na Bogart wakishikilia wiski, aliugua tumbo vibaya. Katika onyesho la kanisani, anapopiga kinanda na jasho likimtoka, ndoo ilikuwa imewekwa nje ya picha kwa ajili ya kichefuchefu chake. Ule weupe wa uso haukutoka kwenye poda.

Siku za mwanzo Huston aliona anamwigiza Rose kwa uso uliokunjamana mno. Akamshauri amfikirie Eleanor Roosevelt, aliyekuwa mke wa rais, alivyowatembelea majeruhi hospitalini akiwa na tabasamu. Neno hilo moja lilimfungulia Rose. Alipomimina chupa za jin za Charlie mtoni, moja baada ya nyingine, hakufanya hivyo kwa hasira. Alifanya kwa utulivu wa mtu anayefagia chumba, na ndiyo maana inatisha.

Lakini filamu hiyo ina deni kwetu. Wanakijiji wa mwanzo wake hawana majina. Kanisani wanaimba vurugu isiyo na maneno, na Charlie anapotupa kipande cha sigara wanaking'ang'ania. Kisha kijiji kinachomwa, watu wanaswagwa, na hadithi inasonga bila kuwageukia tena. Vita ile, ya Kwanza ya Dunia, iliua wapagazi wengi wa Afrika Mashariki, na njaa yake ilifika mbali na mizinga. Tunaweza kuupenda uigizaji wa Hepburn na bado kusema kwamba mto ule ulikuwa na watu ambao kamera haikuwaona.

Mwaka 1967

Kwenye Woman of the Year ndipo alipokutana kikazi na Spencer Tracy. Waliigiza pamoja filamu tisa katika miaka 25, na nje ya kamera walipendana muda wote huo. Tracy, Mkatoliki, hakumpa talaka mkewe. Hepburn hakuomba umma umhurumie, wala hakuufungulia mlango. Afya ya Tracy ilipodhoofika, alipunguza kazi akamuuguza.

Filamu yao ya mwisho ilikuwa Guess Who's Coming to Dinner: binti wa familia ya Kizungu anamleta nyumbani mchumba wake, daktari Mweusi aliyeigizwa na Sidney Poitier. Tracy alikuwa mgonjwa kiasi kwamba hapakuwa na bima ya kumlinda mtayarishaji, hivyo Hepburn na mwongozaji Stanley Kramer waliweka malipo yao wenyewe kuwa dhamana. Kuelekea mwisho Tracy anatoa hotuba ndefu kuhusu kumpenda mke kwa miaka mingi. Kamera inamgeukia Hepburn, aliye nyuma yake, macho yamejaa machozi. Tracy alifariki tarehe 10 Juni 1967, siku 17 baada ya kumaliza kazi hiyo. Siku mbili baada ya kifo chake, Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta sheria za majimbo zilizozuia ndoa kati ya watu wa rangi tofauti. Filamu ilimpa Hepburn Oscar ya pili. Hakuwahi kuitazama.

Oscar ya tatu aliipata mwaka uliofuata kwa The Lion in Winter, kwa kura sawa na Barbra Streisand. Hakwenda kuchukua hata moja kati ya zote nne. Alitokea ukumbini mara moja tu, mwaka 1974, kumkabidhi mwenzake tuzo, na alikwenda na suruali.

Ziwa la mwisho

Kiangazi cha mwaka 1980 alifika Squam Lake, New Hampshire, kutengeneza On Golden Pond na Henry Fonda. Walikuwa hawajawahi kukutana. Alimletea zawadi, kofia aliyoipenda Spencer Tracy, na Fonda akaivaa ndani ya filamu. Wakati huo Hepburn alikuwa na miaka 73. Kichwa na sauti yake vilitetemeka kwa maradhi yaliyomwanza miaka mingi nyuma, naye hakujaribu kuyaficha. Aliyaacha yawe sehemu ya mwanamke aliyemwigiza.

Usiku mmoja katika hadithi hiyo, mume na mtoto wanakwama majini baada ya boti yao kugonga mwamba. Mke anawatafuta gizani kwa boti nyingine, na anapowaona hasubiri. Anajirusha ziwani na nguo zake zote. Maji yalikuwa baridi, na Hepburn alikataa mtu mwingine aruke badala yake. Tunamwona akizama, kisha kichwa chake cheupe kinaibuka, na mikono yake inaanza kukata maji.