Mgahawa Ambao Haukufunguliwa

Kitabu cha kwanza cha Douglas Adams nilikinunua kwenye meza ya vitabu vya mitumba pale Posta, Dar es Salaam. Hakikuwa na jalada la mbele. Nilikichukua kwa sababu kilikuwa bei ya chee, nikakisoma kwenye daladala, nikapitiliza kituo. Mtu anaamka asubuhi anakuta tingatinga limekuja kubomoa nyumba yake ili barabara ipite; muda si mrefu inafika habari kwamba dunia nzima nayo inabomolewa kwa sababu hiyohiyo. Katika mji huu wetu, nani anayezikumbuka zile X nyekundu ukutani asingecheka kicheko chenye uchungu ndani yake?

Miaka kadhaa baadaye ndipo nikajua kwamba The Hitchhiker's Guide to the Galaxy iliwahi kuwa mchezo wa kompyuta. Na si kwamba kampuni ilinunua jina tu ikaendelea na mambo yake. Adams mwenyewe aliuandika, akishirikiana na Steve Meretzky wa kampuni ya Infocom, ukatoka mwaka 1984. Mwaka 2004 BBC waliuweka kwenye tovuti yao, na ni humo nilikoucheza.

Kama hujawahi kuona michezo ya namna hii, sahau picha. Ni maandishi matupu. Unaamka gizani, kichwa kinauma, mchezo unasubiri uandike unachotaka kufanya. Washa taa. Inuka. Tafuta dawa ya kichwa. Ukichelewa kutoka nje, nyumba inakuangukia na hadithi imeisha. Ukiuliza una vitu gani, unaambiwa kwamba miongoni mwa mali zako kuna "kutokuwa na chai". Unadhani ni utani, basi. Mbele ya safari unagundua kuna mlango hautafunguka mpaka uwe na chai na wakati uleule uwe na kutokuwa na chai. Mimi bwana nilikwama pale wiki nzima, na sijawahi kukwama kwa raha kiasi kile.

Mwisho wa mchezo unakanyaga sayari ya Magrathea, na papo hapo unaagwa kwa ahadi kwamba safari inaendelea katika mchezo utakaofuata. Huo uliofuata haukutoka. Ulikuwa uitwe kwa jina la riwaya ya pili, The Restaurant at the End of the Universe, na wanaoufuatilia huuita Milliways, jina la mgahawa wenyewe.

Ndio huo ninaotaka kuusimulia. Lakini nikiri mapema: sina mikono mitupu katika jambo hili. Chini ya meza yangu kuna boksi la viatu lenye disketi kumi na moja za marehemu kaka yangu, na habari za Infocom nimezisoma muda wote boksi lile likiwa miguuni pangu. Nitalirudia.

Infocom ilianzishwa mwaka 1979 na watu waliotoka chuo cha MIT, kule Massachusetts. Walikuwa wameandika mchezo uitwao Zork kwenye kompyuta kubwa ya chuo, wakataka kuuza kwa watu wa majumbani. Tatizo ni kwamba kompyuta za nyumbani za enzi hizo hazikuelewana kabisa: Apple II ilikuwa na lugha yake, TRS-80 yake, baadaye Commodore 64 nayo yake. Badala ya kuandika mchezo upya kwa kila mashine, wakabuni mashine ya kufikirika, Z-machine. Mchezo uliandikwa kwa ajili ya mashine hiyo ambayo haikuwahi kutengenezwa kwa chuma, kisha kila kompyuta ikapewa mkalimani mdogo. Walifanya hivyo kwa sababu za biashara, wala hawakuwa wakifikiria kumbukumbu ya vizazi. Ila leo ndiyo sababu mchezo wa 1984 unachezeka kwenye simu yako: mtu ameandika mkalimani mpya, na faili la zamani halijui hata kwamba dunia imebadilika.

Mchezo wa Adams uliuzwa mamia ya maelfu. Kwa akili ya kawaida, mwendelezo ulikuwa jambo la lazima. Lakini Adams alikuwa Adams. Mtu huyu alijulikana kwa kuchelewesha kazi kiasi kwamba ili mchezo wa kwanza uishe, Meretzky alipanda ndege hadi Uingereza wakajifungia katika hoteli ya shamba huko Devon. Baada ya hapo Adams akavutiwa na wazo jingine, mchezo kuhusu mtu anayehama nyumba halafu benki inakataa kutambua anwani yake mpya, jambo lililomkuta yeye mwenyewe. Mchezo huo, Bureaucracy, uliburuzwa mpaka 1987, na maandishi yake yalimaliziwa na mwandishi mwingine, Michael Bywater. Huku nyuma Infocom ilikuwa inavuja fedha. Mwaka 1985 walitoa programu ya ofisini ya kutunza data, Cornerstone, iliyomeza pesa nyingi na kurudisha kidogo. Mwaka 1986 wakanunuliwa na Activision. Mwaka 1989 ofisi ya Massachusetts ikafungwa.

Milliways ilikufa humo katikati, na hakuna tarehe moja unayoweza kuinyooshea kidole. Mradi ulipita mikononi mwa zaidi ya mtu mmoja bila kupata mwenyewe. Adams alifariki Mei 2001, akiwa na miaka 49, na kwa wapenzi wengi hadithi ikaishia hapo.

Kumbe kulikuwa na nakala. Wakati kampuni inafungwa, mtu mmoja alikuwa na nakala nzima ya diski ya pamoja ambayo wafanyakazi wote wa Infocom walihifadhia kazi zao. Kila kitu: michezo, mipango, hesabu za mauzo, na baruapepe walizokuwa wakiandikiana. Nakala hiyo ilifika kwa mwandishi wa Marekani Andy Baio kutoka kwa mtu ambaye hakutajwa. Aprili 2008 Baio akaichapisha hadithi ya Milliways kwenye tovuti yake, akitumia baruapepe zile kwa maneno yake zenyewe, akaweka na vipande vya mwanzo vya mchezo ambavyo unaweza kuvicheza.

Nilivicheza. Ni vyumba vichache tu, unazunguka mara moja umemaliza. Ukiniuliza mchezo wenyewe ulikuwa unaelekea wapi, nitakuambia hakuna cha kuelekea, ni msingi wa nyumba, mawe yamepangwa, mvua imenyesha juu yake. Lakini zile barua! Zile nilizisoma kama riwaya, mpaka usiku. Unawasikia watu wakiwa kazini. Anayetania, anayechoka, anayeandika kwa adabu kubwa kwamba hajaona chochote kutoka kwa mheshimiwa Adams. Unaiona kampuni inavyozama, mmoja mmoja akilijua jambo hilo kabla ya mwenzake. Hakuna mwanahistoria angeweza kukuchorea kifo cha mchezo namna ile.

Halafu ukishuka chini ya ukurasa unawakuta wenyewe. Baadhi ya waliotajwa katika barua hizo walijitokeza palepale kujibu. Wengine walisahihisha kumbukumbu. Wengine walikasirika, na walikuwa na haki: hakuna aliyewapigia simu kwanza. Waliandika barua za kazini miaka ya 1980, kwa mwenzao wa meza ya pili, wakiwa na njaa au wakiwa na hasira, na miaka ishirini baadaye ulimwengu unazisoma na kuwapa alama.

Mimi ni mmoja wa ulimwengu huo. Nilifurahia. Sitajifanya vinginevyo.

Watetezi wa uhifadhi wana hoja nzito, na naijua kwa sababu nimeitumia mara nyingi. Kampuni hazitunzi. Mchezo uliofutwa hauna nakala maktaba, hauna mnunuzi aliyeuweka kabatini, hauna hata mwenye sababu ya kuukumbuka. Wakili ana sababu ya kuufungia, mhasibu ana sababu ya kuufuta. Tunachokijua kuhusu kazi hizi kimetokana na watu waliobeba vitu nyumbani bila idhini. Frank Gasking wa Uingereza ametumia miaka mingi kuwatafuta waandishi wa zamani wa programu, akiwauliza kama kuna disketi darini kwao, na mwaka 2020 akatoa kitabu kizima, The Games That Weren't, kuhusu michezo ambayo haikuwafikia wachezaji. Mchezo wa Warcraft Adventures, uliofutwa na Blizzard mwaka 1998 ukiwa umefika mbali, uliponea kwanza kama riwaya: Christie Golden aliandika Lord of the Clans kutokana na hadithi yake, ikatoka 2001. Wasomaji wake walikaa miaka kumi na tano bila kuuona mchezo, mpaka 2016 nakala ikavuja kwenye intaneti. Ikavuja, haikutolewa. Neno lenyewe linakuambia mlango ulikuwa wa upande gani.

Kwa hiyo sisemi Baio alikosea kuhifadhi. Nalalamikia kitu kidogo zaidi, na labda kigumu zaidi. Ipo njia nyingine, na ilitembewa na watu walewale. Meretzky alikuwa na tabia ya kuweka karatasi: rasimu, michoro, memo za kikao, hata za chakula cha mchana. Alimfungulia makabati yake Jason Scott, aliyekuwa akitengeneza filamu ya Get Lamp kuhusu michezo ya maandishi, na maelfu ya kurasa zikaskaniwa zikawekwa Internet Archive. Mwaka 2019 Scott huyohuyo aliweka hadharani msimbo chanzo wa michezo ya Infocom. Makabati yale mwenyewe alikuwa hai, amesimama pembeni, anajua ni karatasi gani inatoka. Diski ile haikuwa na mwenyewe wa kusimama pembeni, kwa kuwa ilikuwa ya wote. Na hapo ndipo ninapokwama, maana hadithi ya Milliways haikuwa kwenye kabati. Ilikuwa kwenye diski.

Turudi kwenye boksi langu.

Kaka yangu alijifunza BASIC mwanzoni mwa miaka ya tisini kwenye kompyuta ya ofisini kwao, baada ya saa za kazi, mlinzi akiwa amekubali kukaa kimya. Alikuwa anatengeneza bao. Si ile ya watoto. Bao la kiswahili, mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne, na nyumba. Nyumba ndiyo iliyomshinda. Alikuwa akija nyumbani Jumapili anatukusanya mimi na mjomba, anatutaka tueleze ni lini hasa mtu anaruhusiwa kuila nyumba yake na lini anailala, na mimi na mjomba hatukukubaliana hata mara moja, naye anaandika tu. Hakuumaliza. Akahama kazi, akaoa, akapata watoto, na alipofariki tukakuta disketi, zile pana zinazopinda, juu ya kabati la nguo.

Fundi mmoja Kariakoo ana kisomeo kwenye kompyuta kuukuu iliyoko stoo. Alizitazama akaniambia tusiziingize hovyo. Mbili zina ukungu, na disketi yenye ukungu ukiizungusha inajikwaruza. Zisafishwe kwanza, kisha zinakiliwe mara moja, nzima nzima. Nikamuuliza nzima maana yake nini. Akanieleza kwamba katika DOS ukifuta faili, kinachobadilishwa ni herufi ya kwanza ya jina lake kwenye orodha. Maneno yenyewe yanabaki palepale hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo nakala nzima inaleta vyote, alivyoacha na alivyofuta.

Nikarudi nyumbani na boksi langu.

Baadaye nikampigia shemeji, Morogoro. Nilidhani nampigia kumpa habari njema.

"Shemeji," akasema, "huo mchezo chukua, mliugombania nyie. Lakini huyu bwana alikuwa anaandikia humohumo barua zangu, kabla hatujaoana. Alikuwa anazichapa ofisini."

Nikasema basi hizo nitamletea yeye bila kuzisoma.

"Utajuaje ni barua kabla hujasoma?"

Sikuwa na jibu.

"Na nyingine," akasema, "nasikia hazikuwa zangu."

Tulinyamaza wote wawili, vocha inakatika. Kisha akaniambia nisimpe fundi kazi hiyo peke yake. Nije nazo, nije na huyo fundi na kompyuta yake, gharama tutagawana. Tutakaa pale sebuleni kwake siku ambayo watoto hawapo, itafunguliwa moja moja, na yeye ndiye atakayesema ipi inaendelea na ipi inafungwa. Bao ataniachia, hata kama halichezeki.

Fundi amekubali. Anataka nauli na elfu themanini, na ameniomba nimtafutie spiriti safi na pamba kabla ya Jumamosi.