Waswagaji, Madalali na Mpaka: Biashara ya Ng'ombe kati ya Juba ya Chini na Garissa, 1925–2011

Historia ya biashara ya mifugo katika Afrika Mashariki imeandikwa kwa kiasi kikubwa kutokana na kumbukumbu za serikali. Kwa sababu hiyo, ng'ombe aliyevuka mpaka bila kibali huonekana humo kama kosa kabla ya kuonekana kama bidhaa. Makala haya yanachunguza njia moja ya ng'ombe, itokayo katika malisho ya Afmadow nchini Somalia hadi mnada wa Garissa nchini Kenya. Hoja kuu ni kwamba biashara hii iliweza kudumu baada ya dola ya Somalia kuanguka kwa kuwa dhamana yake ilikuwa mikononi mwa watu kabla ya anguko hilo. Hata hivyo, dhamana hiyo haikutosha kumkinga mfugaji mdogo kila mpaka ulipofungwa.

Mpaka wenyewe ulichorwa juu ya malisho yaliyokuwa yakitumika. Hadi mwaka 1925 Jubaland ilikuwa chini ya Kenya. Mwaka huo Uingereza iliikabidhi kwa Italia, na jamaa za Kisomali zilizochunga pamoja zikajikuta chini ya tawala mbili. Upande wa Kenya, sheria za mwaka 1902 na 1934 zilidhibiti mwendo wa watu katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Karantini za mifugo nazo zilitetewa kwa hoja ya sotoka na homa ya mapafu. Magonjwa hayo yalikuwa ya kweli, lakini karantini hizo pia ziliwalinda walowezi dhidi ya ushindani wa ng'ombe wa bei nafuu. Baada ya uhuru, hali ya hatari ilitangazwa kaskazini mwezi Desemba 1963, vita vya Shifta vikaendelea hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zikabaki hadi 1991. Mfanyabiashara wa Garissa, basi, alijifunza kazi yake katikati ya vibali na vizuizi.

Kwa upande wa Somalia, ng'ombe wengi wa kusini walisafirishwa kwa meli kupitia Kismayu. Mwaka 1983 Saudi Arabia ilipiga marufuku ng'ombe wa Somalia kwa hofu ya sotoka, na soko la Kenya likazidi kuwa na mvuto. Tukio hili ni muhimu kwa mpangilio wa wakati: mwelekeo wa kwenda Garissa ulikuwa umeanza kabla ya Siad Barre kukimbia Mogadishu mwezi Januari 1991. Vita vilivyofuata viliukuza mwelekeo huo. Mwanaanthropolojia Peter D. Little, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu uchumi wa Somalia bila dola, ameonyesha kwamba biashara ya ng'ombe kuvuka mpaka huu iliongezeka baada ya 1991.

Iliwezekanaje? Mfanyabiashara alinunua ng'ombe kwa wafugaji, mara nyingine kwa mkopo, kisha akawakabidhi kwa waswagaji wa kulipwa waliowatembeza kwa miguu siku nyingi wakifuata maji na majani. Mnadani Garissa aliingia dalali. Kazi yake ilizidi kupatanisha bei, kwani yeye ndiye aliyeshuhudia kwamba muuzaji anajulikana na ng'ombe si wa wizi. Endapo mwenye mali angejitokeza baadaye, dalali ndiye angeulizwa. Kutoka hapo ng'ombe walipakiwa kwenye malori kwenda machinjioni Nairobi, na fedha zikarudi Somalia kwa hawala, kwa dola au kwa bidhaa. Simu ya mkononi ilipoenea, habari za bei na usalama wa njia zilisafiri haraka zaidi, lakini neno la dalali halikupoteza uzito wake.

Haifai kuutukuza utaratibu huu. Uaminifu uliosimama juu ya ukoo uliwafungia mlango wasio na ukoo wenye nguvu. Wenye silaha walitoza ushuru njiani, na mswagaji aliyebeba hatari kubwa zaidi alipata ujira tu, huku faida ikienda kwa wenye mtaji.

Udhaifu huo ulidhihirika wakati wa kufungwa kwa njia. Homa ya Bonde la Ufa ya 1997–1998 na ya 2006–2007 ilisimamisha uuzaji wa mifugo. Januari 2007 Kenya ilifunga mpaka wake na Somalia. Na Oktoba 2011, katika mwaka wa ukame mkali, majeshi yake yaliingia Juba. Mfanyabiashara mwenye mtaji aliweza kusubiri au kubadili njia. Mfugaji mwenye ng'ombe wachache hakuweza: mnyama wake alikonda na kushuka bei katika msimu uleule ambao mahindi yalipanda bei.

Inahitimishwa kwamba mpaka wa Juba haukuitenganisha biashara hii na dola. Uliamua nani abebe gharama zake. Watafiti wanaotegemea takwimu za vibali pekee wataendelea kuhesabu ng'ombe waliosajiliwa na kuikosa biashara yenyewe. Ushahidi wa madalali na waswagaji unapaswa kukusanywa kama chanzo cha historia ya kiuchumi, kwa kuwa mikataba mingi ya njia hii iliandikwa katika kumbukumbu zao tu.