Taji Lililoanza kwa Chokoraa

Ukiona lile taji la mishumaa minne kanisani wakati wa Majilio, unaweza kudhani limetoka Vatikani. Wapi! Lilianzia Hamburg, Ujerumani, mwaka wa 1839. Mchungaji wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, alikuwa akilea watoto maskini kwenye makao aliyoanzisha 1833. Kila siku walimuuliza: Krismasi ni lini? Akachukua gurudumu la mkokoteni, akalipanga mishumaa: midogo myekundu ya siku za kazi, minne mikubwa myeupe ya Jumapili. Wakawa wanawasha mmoja kila siku, wakihesabu. Wakatoliki waliiga karne ya 20.

Mimi kinachonigusa ni kwamba hapa Nairobi watoto wale tungewaita chokoraa. Na tukiwasha mishumaa yao ndani, wenzao tumewaacha nje ya geti.