Mwaka wa fedha ulipoitangulia bajeti

Kwa miaka mingi siku ya bajeti nchini Tanzania ilikuwa siku ya redio. Watu walikaa kumsikiliza Waziri wa Fedha wakisubiri habari za bia, sigara na mafuta ya taa, halafu wakatawanyika. Kazi ya kugawa fungu la kila wizara ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, na waliobaki kuifuatilia walikuwa wachache.

Utaratibu wa zamani, uliodumu hadi mwaka 2012, ulikuwa hivi: hotuba ilisomwa Juni, wabunge wakaijadili na kuipitisha, kisha wizara zikaleta makadirio yao moja baada ya nyingine hadi Agosti. Mwaka wa fedha nao huanza Julai 1. Kwa hiyo Serikali iliingia mwaka mpya Bunge likiwa bado linajadili mafungu, ikitumia ruhusa ya muda iliyowekwa na Ibara ya 139 ya Katiba. Iliyoumia zaidi ni miradi ya maendeleo, kwa sababu mishahara haisubiri, ila daraja husubiri.

Kulikuwa na ubaya mkubwa kuliko huo wa kuchelewa. Mbunge aliyesimama Julai kudai visima vya jimboni kwake alikuta jumla ya mapato na matumizi imeshafungwa. Alichobaki nacho ni kushika shilingi, yaani kutoa hoja ya kupunguza shilingi moja katika mshahara wa waziri mpaka apewe maelezo ya kutosha. Ni desturi tuliyoirithi kutoka mabunge ya Kiingereza. Waziri alijibu, shilingi ikarudishwa, na fungu la maji likabaki vilevile.

Kuikataa bajeti yote lilikuwa jambo zito. Mwaka 1973 wabunge waliukataa Muswada wa Sheria ya Kodi ya Mapato, Mwalimu Nyerere akatishia kulivunja Bunge, na muswada uliporudishwa ukapita. Hata leo Ibara ya 90 ya Katiba inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali, na kura yenyewe hupigwa kwa kuita majina, kila mbunge akisema wazi ndiyo au hapana.

Hazina nayo ilikuwa na maradhi yake. Katikati ya miaka ya 1990 Serikali ilitumia kuliko ilivyokusanya, na mfumuko wa bei ukawatafuna wananchi. Mwaka 1996 ukaletwa utaratibu wa kutumia kinachokusanywa: mwezi wa makusanyo haba, wizara nazo zilipata haba. Mwaka huohuo, Julai 1, Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kazi. Mfumuko wa bei ulishuka, na hilo ni jambo la kushukuru. Ila wakurugenzi wa halmashauri walijifunza kwamba fedha iliyoidhinishwa na fedha iliyofika ni vitu viwili, na somo hilo halijapitwa na wakati.

Mageuzi ninayoyathamini kuliko yote yalikuja na bajeti ya 2013/14, Anne Makinda akiwa Spika. Bunge la bajeti lilianza Aprili, wizara zikatangulia, hotuba kuu ikafuata Juni, na kila kitu kikapitishwa kabla ya Julai 1. Kamati ya Bajeti ikapewa nafasi ya kukaa na Serikali na kuhamisha fedha kabla jumla haijafungwa. Mwaka huohuo wa kwanza wabunge waliibana Wizara ya Maji hadi bajeti yake ikaongezwa, jambo ambalo shilingi iliyoshikwa isingeliweza. Sheria ya Bajeti ya mwaka 2015 ikaupa utaratibu huo nguvu ya kisheria.

Tatizo ni kwamba wananchi wengi bado tunaamka Juni. Wakati huo mwongozo wa Hazina umeshatoka miezi mingi, ukomo wa bajeti umeshapangwa, na vipaumbele vya kijiji vimeshapita kwenye kata na Baraza la Madiwani. Mkutano wa kijiji au mtaa unaopanga miradi ya mwaka ujao hufanyika mapema mno kuliko hotuba ya waziri. Ukitangazwa kwenu, nenda, na uulize fedha za mwaka huu zimefika kiasi gani.